Mpira wa Oili ya Giaboksi: Nani Alipe Giaboksi Ikiungua?



Kamati yetu imeketi tena juu ya kesi ya giaboksi ya otomatiki iliyoungua. Dereva mwenzetu, anayeendesha Toyota Corona Premio ya tajiri wake, alikuwa akitoka Munkunyu kwenda Kyarumba na abiria pamoja na mifuko miwili ya saruji. Katikati ya mlima moshi ulitoka chini ya boneti, abiria wakaruka nje. Kwa bahati hapakuwa na moto. Mpira mmoja ulikuwa umechomoka kwenye rejeta, na oili nyekundu ya giaboksi imemwagika juu ya egzosi. Jioni ilikuwa inaingia. Ndugu huyo aliurudisha mpira, akaufunga kwa waya, akatia nusu lita ya oili ya injini aliyokuwa nayo, akaendelea na safari. Hakufika. Asubuhi yake tajiri akamwambia giaboksi atailipa yeye, kwa kukatwa kila siku mpaka deni liishe.

Tuliomba tuletewe ule mpira. Tulipoukata kwa kisu tulikuta umevimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ulikuwa kipande cha mpira wa maji ya hita, uliowekwa gereji wiki chache kabla yake. Basi kesi ikawa na sura nyingine, na ndiyo maana tunaandika habari hii.

Giaboksi ya otomatiki haitumii klachi ya mguu. Nguvu ya injini inapita kwenye konveta, chombo kilichojaa oili inayozungushwa. Gari likienda polepole na mzigo mzito, oili hiyo husukwasukwa sana na joto hupanda. Kwa hiyo pampu ya giaboksi huisukuma oili itoke nje kwa paipu moja, ipite katika kipoza-oili kidogo kilicho ndani ya tangi la rejeta, kisha irudi kwa paipu ya pili. Kwa kawaida oili hiyo hukaa katika nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikizidi 120 huanza kuharibika upesi, na mafundi wana hesabu yao ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa nusu.

Sasa fikirini njia zetu. Kutoka Kasese kupitia Kikorongo mpaka Mpondwe ni lami, lakini ni bonde lenye joto kali. Ziwa Edward lenyewe liko mita 900 na kidogo tu juu ya bahari. Ukiiacha lami kupanda vilima vya Rwenzori unakwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, gari limejaa, upepo wa kupoza rejeta ni mdogo. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo kwa giaboksi ya otomatiki. Na magari yenyewe ni ya zamani. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yanatulisha, na mipira yake mingine ni ile ile iliyofungwa Japani.

Mpira wa kazi hii uwe umetengenezwa kwa oili ya giaboksi. Ulio bora huandikwa ubavuni SAE J1532. Mpira wa maji, hata uwe mpya na mnene, haufai kabisa, kwa kuwa aina ya raba yake huvimba ikikutana na oili. Mpira wa petroli huvumilia kidogo zaidi, lakini wa kawaida haukuundwa kukaa ndani ya oili ya moto siku nzima. Hukauka, hupasuka, na huanza kuvuja kwenye klipu. Msikubali kuambiwa kwamba mpira ni mpira. Pimeni pia tundu lake. Magari yetu mengi hutumia la milimita 8 au karibu 10. Mpira mpana uliokazwa kwa klipu mpaka ukakunjamana utavuja tu.

Palipo na paipu ya chuma iliyooza kwa kutu, chuma kirudi. Wapo wanaoweka shaba kwa sababu ni laini na hukunjika kwa mkono. Sisi wa Kasese hatuna haja ya kufundishwa thamani ya shaba. Mgodi wa Kilembe uliitoa tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini paipu ya shaba tupu ikitikiswa mfululizo hugeuka ngumu, kisha hupata ufa penye kona au penye kiungo. Tumieni paipu ya chuma ya namna ile ya breki, yenye kipimo sawa na ya zamani. Mwisho wake, mahali mpira unapoingia, lazima uwe na uvimbe mdogo kuzunguka paipu. Fundi akikata paipu kwa msumeno na kuuacha mwisho ulio laini, klipu haina kitu cha kuzuia mpira usichomoke. Mpira uvuke ule uvimbe kiasi cha upana wa vidole viwili, na klipu ikae nyuma ya uvimbe, si juu yake. Unga wa chuma usafishwe kabla ya kufunga, maana ukiingia kwenye giaboksi utaziba njia ndogo za oili.

Kuhusu mapito ya paipu, kosa tunaloliona mara nyingi ni kufuata njia fupi. Njia fupi mara nyingi hupita karibu na egzosi. Katika magari yanayovuta kwa magurudumu ya mbele, kama hiyo Premio, mipira ni mifupi na nafasi ni finyu, basi fundi aangalie kabisa egzosi iko upande gani kabla ya kukata mpira. Acheni nafasi ya kiganja cha mkono. Isipopatikana, wekeni bati la kukinga joto. Katika Hiace na Mark II, ambapo giaboksi iko nyuma ya injini, paipu ni ndefu na hupita chini. Hizo zishikwe kwa vishikizo vyake, zisining'inie chini ya fremu ambako jiwe la barabarani litazifikia, wala zisifungwe pamoja na paipu za breki.

Jambo jingine, injini hucheza. Imekaa juu ya mauntini za raba, na ukikanyaga mafuta huinama. Mpira uliokatwa mfupi mno hunyooka kama kamba kila mara injini inapoinama. Ukiwa mrefu mno hujikunja na kuzuia oili, au hulala kwenye feni. Fundi mzuri humwomba mwenzake akanyage breki, atie gia ya mbele kisha ya nyuma, naye atazame mpira unavyokwenda. Dakika moja inatosha.

Tena kuna desturi mbaya ya kuweka rejeta ya gari la gia za mkono, ambayo haina kipoza-oili, kisha kuunganisha paipu mbili za giaboksi kwa kipande kimoja cha mpira. Oili huzunguka bila kupozwa mahali popote. Gari litatembea vizuri sokoni Bwera na kila mtu atamsifu fundi. Mlimani litaungua. Ikiwa kipoza-oili cha rejeta kimetoboka, na mkaona oili imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yamekwisha ingia kwenye giaboksi, simamisheni gari. Kwa wanaopanda milima kila siku tunapendelea kipoza-oili cha pekee kifungwe mbele ya rejeta, oili ipite kwanza katika rejeta, kisha humo, ndipo irudi.

Turudi kwa mwenzetu. Kuendelea na safari baada ya oili kumwagika lilikuwa kosa lake, na hatukulificha mbele ya tajiri. Bila oili giaboksi haiishi hata kilomita chache. Lakini mpira haukuchaguliwa na dereva, wala gereji haikuchaguliwa naye. Tulimwomba tajiri agawane hasara, naye amekubali kuchukua nusu. Tunawaomba madereva wengine wamwambie mwenye gari mapema, mbele ya shahidi, kila wanapoona mpira umelowa oili, na wadai karatasi ya gereji yenye kuonyesha ni mpira wa aina gani uliofungwa. Mwenzetu hakuwa na karatasi hiyo, na ndicho kilichomfanya alipe nusu badala ya robo.

Kipande cha mpira ule tumekiweka ofisini. Anayetaka kukiona aje akibonyeze kwa kidole.