Trela na Mbuzi wa Kwenye Gunia

Trela ya filamu kubwa ikitoka asubuhi, jioni mashabiki wameshagawanyika. Hawa wanaapa kwamba picha itakuwa moto wa kuotea mbali, wale wanasema steringi kachoka na hadithi imechuja. Wote wanatoa hukumu juu ya kitu ambacho hawajakiona. Walichokiona ni kazi nyingine, ya dakika mbili na ushei, iliyotengenezwa na watu wengine kwa lengo lake. Mimi ni mpenzi wa trela kwelikweli. Nyingine naziona bora kuliko filamu zenyewe. Kwa sababu hiyohiyo nataka tujifunze kuzisema kwa haki: trela ihukumiwe kama trela, na filamu isubiri siku yake.

Tuanze na mikono inayoitengeneza. Wengi hudhani mwongozaji wa filamu huketi na kuchagua vipande anavyovipenda. Kwa filamu za Hollywood mambo hayaendi hivyo. Kazi hiyo hupewa kampuni maalumu, nyingi zikiwa Los Angeles. Zipo zilizojijengea jina, kama Trailer Park na ile ya Mark Woollen, na tangu 1999 fani hii ina tuzo zake yenyewe, Golden Trailer Awards. Studio huwakabidhi wahariri hao picha zilizopigwa wakati mara nyingi filamu ingali jikoni: madubwana ya kompyuta hayajakamilika, mtunzi wa muziki hajamaliza kazi, na mwisho wa hadithi bado unaweza kubadilishwa. Agizo wanalopewa ni fupi: watu wajae ukumbini wiki ya kwanza.

Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini wimbo uliokusisimua kwenye trela hausikiki kwenye filamu. Trela ya The Two Towers, ya mwaka 2002, iliwasimamisha watu vinyweleo kwa muziki ambao Clint Mansell alikuwa ameutunga kwa ajili ya filamu nyingine kabisa, Requiem for a Dream, kisha ukapangwa upya kwa okestra kubwa na kwaya. Utaelewa pia kwa nini vipande vingine hupotea. Katika trela za Rogue One, ya 2016, tunamwona shujaa wake, Jyn Erso, amesimama juu ya mnara, na ndege ya kivita ya adui inapanda taratibu mpaka wanatazamana uso kwa uso. Ni picha ambayo ungeweza kuitundika ukutani. Ndani ya filamu haimo, na sehemu ya mwisho ya filamu hiyo ilifanyiwa mabadiliko makubwa kabla ya kutoka.

Huo unaweza kuwa upotoshaji usiokusudiwa. Upo na ule wa makusudi. Mwishoni mwa Novemba 2017 ilitoka trela ya Avengers: Infinity War, ikatazamwa mara milioni 230 katika saa 24 za mwanzo. Kipande kimoja kuelekea mwisho wake kinawaonyesha mashujaa wakikimbia bega kwa bega kwenye nyika ya Wakanda, na Hulk yumo. Filamu ilipotoka, Hulk hakutia mguu Wakanda. Bruce Banner, yaani Hulk akiwa binadamu wa kawaida, alipigana ndani ya vazi la chuma. Studio iliweka picha ya uongo ili kulinda siri ya kweli. Mwaka 2021 mchezo huo uliwaumbua wenye filamu. Trela ya Spider-Man: No Way Home ilikuwa na pigano ambalo watu wawili walifutwa kwa kompyuta. Katika toleo lililotolewa Brazil, mashabiki waliopunguza kasi ya video walimwona adui mmoja, mjusi mkubwa, akipigwa kichwani na kichwa kikigeuka upande, ilhali aliyempiga haonekani. Kwa nukta ile moja wakajua wanafichwa nini.

Je, trela inaruhusiwa kudanganya kiasi gani? Swali hilo limeshafika mahakamani. Mashabiki wawili Marekani walikodi filamu ya Yesterday kwa dola 3.99 kila mmoja kwa sababu walimwona Ana de Armas kwenye trela. Wakaitazama hadi mwisho, mwigizaji huyo hayumo. Sehemu zake zilikuwa zimekatwa. Walishtaki mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huo jaji alisema trela ni tangazo la biashara, hivyo inaweza kushtakiwa chini ya sheria za matangazo ya uongo. Kwa kifupi, jaji huyo naye alitambua kwamba kuna kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuifungue trela yenyewe. Ya kawaida ina sehemu tatu. Kwanza tunaoneshwa maisha yalivyokuwa kabla ya balaa: familia mezani, askari kazini, mji umetulia. Pili balaa linaingia, muziki unabadilika, mtu anatamka sentensi ya kutisha na skrini inakuwa nyeusi. Tatu ni mvua ya picha: milipuko, mbio, machozi, kila kipande chini ya sekunde moja, ngoma zikipanda hadi jina la filamu. Baada ya jina huongezwa kipande kidogo cha kuchekesha au kushtua, ili uondoke ukicheka au ukiwa umeshtuka. Zamani sehemu hizi ziliunganishwa na sauti ya msimulizi. Don LaFontaine, aliyefariki 2008, alirekodi trela zaidi ya 5,000 kwa sauti yake nzito. Siku hizi msimulizi ametoweka na kazi yake imechukuliwa na muziki. Simu nayo imeleta lake: trela nyingi mtandaoni hufunguliwa na sekunde tano za picha za kasi, trela ya trela, kwa sababu mtazamaji wa YouTube ana kidole tayari juu ya kitufe cha kuruka tangazo.

Ukitaka kuona muundo huo ukitumiwa na fundi, itazame trela ya Us, filamu ya Jordan Peele, iliyotoka siku ya Krismasi 2018. Mwigizaji mkuu ni Lupita Nyong'o wetu. Inaanza na familia ndani ya gari, inaelekea likizo. Redioni unapigwa wimbo wa Luniz wa mwaka 1995, wimbo wa starehe, na baba anaufurahia. Mama anamgeukia mwanawe na kumfundisha kushika mdundo kwa kupiga vidole. Sikiliza vizuri hapo: vidole vya Lupita haviendi na mdundo. Hakuna anayelisema jambo hilo, na mtazamaji anaweza kulipita, lakini mwili unahisi kwamba kitu hakijakaa sawa. Usiku unaingia, watu wanne wamesimama kimya mbele ya nyumba, na wimbo uleule unarudi ukiwa umepunguzwa mwendo na kukabidhiwa vinanda vya nyuzi. Sauti ya starehe imegeuka sauti ya hofu. Trela inatuonyesha kwamba wavamizi wana sura za wenye nyumba. Haituambii wametoka wapi, wala wanataka nini. Siri kubwa ya mwisho haikuguswa, ingawa dalili yake ilikuwa imepigwa kwa vidole mbele ya macho yetu. Muziki ule ulioharibiwa kwa makusudi unasikika pia ndani ya filamu, kwenye pambano la mwisho.

Mbinu ya kuuchukua wimbo unaojulikana na kuupunguza kasi haikuanzia hapo. Iliyoisambaza ni trela ya The Social Network, mwaka 2010, iliyotoka kwa Mark Woollen: kwaya ya wasichana wa Ubelgiji ikiimba taratibu wimbo wa Radiohead huku tukitazama picha na ujumbe wa watu wa kawaida kwenye Facebook. Kwa filamu juu ya kijana mpweke aliyewaunganisha watu, uchaguzi ule ulikuwa na maana. Tatizo ni walioiga. Miaka iliyofuata kila filamu, iwe ya majini au ya mbwa anayeongea, ililetewa binti wa kunong'ona wimbo wa zamani juu ya piano. Nikiisikia mbinu hiyo leo kwenye trela mpya najiuliza swali moja tu: wimbo huu una uhusiano gani na hadithi? Kama hauna, mhariri alikuwa anajaza nafasi.

Lawama kubwa kuliko zote ni ile ya kumaliza uhondo. Trela ya Cast Away, mwaka 2000, ilionyesha Tom Hanks akipotea kisiwani na pia ikaonyesha amerudi nyumbani. Mwongozaji Robert Zemeckis aliitetea kwa hoja kwamba watazamaji wengi hupenda kujua wanachonunua. Trela ya Terminator Genisys, mwaka 2015, ilitoboa geuko kuu la hadithi, na mwongozaji Alan Taylor hakuficha kwamba hakupendezwa. Utafiti nao upo: mwaka 2011 Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiambiwa mwisho mapema, na kwa wastani waliojua mwisho walizifurahia zaidi kidogo. Nakubali kwamba hadithi nzuri haifi kwa kujulikana. Ingekuwa inakufa, tusingekuwa tunarudia filamu zilezile kila sikukuu. Lakini mshangao wa mara ya kwanza ni haki ya mtazamaji, na anayepaswa kuamua lini autoe ni mwenye hadithi. Muuzaji wa tiketi asimwage mchele kwenye kuku wengi.

Wenye kumbi za sinema Marekani waliliona tatizo hili. Mwaka 2014 chama chao kilipendekeza trela zisizidi dakika mbili, badala ya dakika mbili na nusu zilizozoeleka, na zisioneshwe zaidi ya siku 150 kabla ya filamu kutoka. Lilikuwa pendekezo tu, na studio ziliendelea na mambo yao. Kwangu mimi urefu si shida hata kidogo. Trela ya Psycho, mwaka 1960, ina zaidi ya dakika sita, na Alfred Hitchcock anatembeza watu ndani ya moteli na nyumba ya mauaji kama mwongoza watalii, akikatiza sentensi kila inapokaribia utamu. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele; mwanamke huyo ni Vera Miles aliyevaa wigi, si Janet Leigh wa kwenye filamu. Trela ya Alien, 1979, haina mazungumzo kabisa: yai linapasuka, mwanga unavuja, watu wanakimbia, na mlio unaokera masikio. Hizo mbili zinafanana kwa jambo moja: unatoka na swali zito kuliko uliloingia nalo.

Na maoni ya shabiki yana uzito? Mwulize Sonic, yule mhusika wa michezo ya video aliyeletwa kwenye filamu. Trela yake ya Aprili 2019 ilimtoa na meno kama ya binadamu, dunia ikacheka na kukasirika kwa pamoja. Siku chache baadaye mwongozaji Jeff Fowler alitangaza kwamba sura itabadilishwa, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Lakini tazama mashabiki walilalamikia nini: umbo la mhusika, kitu kilichokuwa mbele ya macho yao. Lawama ya namna hiyo inajibika. Anayesema "hadithi itakuwa mbovu" baada ya dakika mbili anapiga ramli.

Sisi huku tumekuwa na trela zetu za aina yake. Filamu ya Kenya Nairobi Half Life, ya 2012, inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano, na ili auze huigiza mwenyewe mbele ya wateja: anapiga risasi za mdomo, anaanguka, anainuka kama steringi. Mwas anajua jambo ambalo trela nyingi za filamu zetu hulisahau. Anaigiza kipande kimoja kikali na kukiacha hewani, mteja anatoa hela ili aone kilichofuata. Trela zetu nyingi husimulia ndoa, usaliti, ugonjwa na msamaha kwa mpangilio huohuo wa filamu, mazungumzo yakizidiwa na wimbo. Kurekebisha hapo hakuhitaji fedha za Hollywood. Chagua tukio moja, liache lipumue, safisha sauti, kata kabla ya jibu.

Basi trela nyingine ikikujia kwenye simu, itazame mara ya pili ukiwa umefumba macho. Sauti ikikuchosha bila picha, ujue ulikuwa unasukumwa na kelele. Kisha angalia kama kuna kipande hata kimoja kilichoachwa kwa sekunde kumi bila kukatwa, watu wawili wakiongea tu. Mhariri asiyeweka sekunde kumi za kuigiza kutoka kwenye filamu ya saa mbili huenda hakuzipata, na hiyo ni dalili ninayoiogopa kuliko zote. Angalia pia vichekesho: vikiwa vimerundikwa vyote humo, ukumbini utavisikia kwa mara ya pili. Upande mwingine, uzuri wa picha usikupumbaze, maana filamu mbovu nayo ina dakika mbili nzuri; ni kazi ya mhariri kuzitafuta. Toa maoni yako kwa sauti kubwa kadiri upendavyo, yawe juu ya muziki, mwendo, sura na ahadi. Kuhusu hadithi, kata tiketi kwanza.