Intaneti ya nyumbani: mbio kiasi gani, franka ngapi?



Katika mikutano yetu ya hapa Lubumbashi swali moja linarudi: tuendelee kununua mega kila siku kwenye telefoni, ao tuweke intaneti nyumbani? Wauzaji wanajibu kwa mbio: hii ni mega 20, ile ni mega 50. Lakini mama anayegawa pesa ya unga, ya makala na ya masomo ya watoto anapaswa kujua kwanza kwamba neno mega lina maana mbili.

Fikirieni robine ya lupango. Kuna nguvu ya maji yanavyotoka, na kuna hesabu ya bidoni unazojaza. Mega za forfé ya telefoni ni bidoni: zinaisha. Mega "kwa sekunde" za modemu ya nyumbani ni nguvu ya robine. Tena hizi za sekunde ni ndogo mara 8: mega 8 kwa sekunde zinaleta mega 1 tu ya faili. Basi faili ya mega 5 itachukua sekunde 5 hivi. Nani hawezi kungoja sekunde 5?

Hapo ndipo pesa nyingi inapotea. Video ya picha safi sana inaomba karibu mega 5 kwa sekunde; ya kawaida kwenye telefoni inatosheka na 1 ao 2. Kuongea kwa sauti kwa WhatsApp hakufiki hata 1. Nyumba ya telefoni tatu ao nne haina kazi na mega 50. Mega 10 zinatosha, ikiwa zimetulia. Robine yenye nguvu saa nne ya asubuhi na kukauka saa moja ya jioni haimsaidii mtoto wa mwaka wa sita anayejitayarisha kwa Exetat, maana anajifunza jioni, wakati kartie nzima inatazama video. Mbele ya kulipa, mwombe jirani mwenye huduma ile ile akuruhusu kuijaribu kati ya saa moja na saa tatu ya usiku. Jaribio la mchana dukani halionyeshi kitu.

Kisha chukua daftari, juma moja. Andika kila franka ya mega: ya baba, ya mtoto mkubwa, ya kwako. Tuseme jumla ni franka 14.000, kwa mwezi ni 60.000. Ikiwa abonema ya nyumba inapita hapo, na ninyi mnatumia ujumbe na sauti tu, bakieni na telefoni bila haya. Lakini saa moja ya video ya kawaida inakula karibu mega 500, na watoto wakitazama saa mbili kila siku, ni giga 30 kwa mwezi. Hapo forfé za kila siku zinaweza kukupita. Mimi darasani naona wanafunzi wengi wanahitaji zaidi faili za PDF na picha za ubao, vitu vyepesi. Video nyingi ni za kujifurahisha, na si vibaya, ila tusiziite masomo.

Wakikuambia "ilimite", uliza: baada ya giga ngapi mbio zinapunguzwa? Waandike jibu kwenye karatasi.

Na umeme? Ukikatika, modemu ya ukutani inalala pamoja na taa. Modemu ndogo yenye betri yake inaendelea kwa saa kadhaa, hata ikiwa mbio zake ni chache. Starlink, iliyokatazwa nchini mwaka 2024 na kuruhusiwa mwaka 2025, inafaa pale ambapo antena za telefoni ziko mbali, lakini sahani yake inakula umeme mwingi kuliko modemu ndogo. Usihesabu bei ya sahani ukaacha ya betri.

Nyumba tatu za lupango moja zinaweza kulipa pamoja, kama likelemba, ikiwa mkataba unaruhusu. Mama mmoja ashike pesa na neno la siri. Tarehe ya kulipa ijulikane kwa wote, na mpangaji akihama, neno la siri libadilishwe siku ile ile.