Upole wa Mkono, Uhai wa Betri: Nasaha kwa Nyumba Zenye Pikipiki ya Umeme



Maji yapitayo hapa kwetu Kau na kushuka hadi Kipini yametoka mbali. Kabla Mto Tana haujafika Garsen na kugawanyika katika delta, maji yake huwa yamekwisha kupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na huko yamezungusha mitambo inayoipa nchi yetu sehemu ya umeme wake. Umeme huo sasa umeanza kurejea kwetu kwa njia ambayo wazee wetu hawakuiwaza, nayo ni kubebwa ndani ya betri, chini ya kiti cha pikipiki.

Jambo hili si geni tena katika pwani yetu. Mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, na mwaka huohuo halmashauri ya kusimamia kawi, EPRA, ilikwisha kuweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri. Nairobi ilikuwa imetangulia, kwani tangu 2018 teksi za umeme aina ya Nissan Leaf zilionekana katika barabara zake. Leo vijana wetu wanazitazama pikipiki hizi kwa hamu, na akina mama ndio wanaotoa akiba ya chama au kuweka sahihi ya dhamana ya mkopo.

Kwa sababu hiyo, swali linalotufikia mara kwa mara ni la akina mama: “Sheikh, mwanangu aliambiwa pikipiki hii itakwenda kilomita 90 kwa chaji moja. Haifiki 60. Je, tumeuziwa kitu kibovu?” Huenda betri ina kasoro, na hilo hupimwa na fundi. Lakini kabla ya kumshutumu muuzaji, inafaa kuutazama mkono wa mwendeshaji na kitufe kilicho karibu na kidole chake.

Kitufe hicho ni nini?

Pikipiki nyingi za umeme, na takriban magari yote ya umeme, huwa na namna mbili au tatu za mwendo. Huandikwa maneno kama ECO, NORMAL na SPORT. Sisi tutaziita mwendo wa akiba, mwendo wa kawaida na mwendo wa nguvu. Katika mwendo wa akiba, mkono ukizungushwa, mota hupewa umeme kidogo kidogo, na mara nyingi kasi ya juu huwekewa mpaka. Katika mwendo wa nguvu, mzunguko uleule mdogo wa mkono huita umeme mwingi kwa ghafula, na chombo huruka.

Ni muhimu kufahamu kwamba kitufe chenyewe hakili chaji. Vijana wawili wakienda kwa kasi moja isiyobadilika, katika barabara moja na mzigo mmoja, tofauti ya matumizi yao itakuwa ndogo hata kama mmoja yuko katika mwendo wa akiba na mwenziwe katika mwendo wa nguvu. Kinachokula chaji ni tabia ambayo kitufe kile huialika, yaani kuondoka kwa kishindo, kukimbia na kufunga breki, kisha kuondoka tena kwa kishindo. Kitufe hufungua mlango tu, na anayeingia ni mwendeshaji mwenyewe.

Chaji hupotelea wapi?

Hupotea zaidi katika njia mbili. Ya kwanza ni upepo. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa akiongeza mwendo hadi 80, nguvu ya upepo inayomsukuma nyuma haizidi mara 2, bali mara 4. Kwa hiyo, katika kila kilomita, ile sehemu ya chaji inayotumika kuupasua upepo huwa mara 4 ya ilivyokuwa. Barabara ya lami ya kutoka Minjila kuelekea Witu imenyooka, na kwa kijana ni kishawishi kikubwa. Lakini uzuri wa lami haumpunguzii upepo hata kidogo.

Ya pili ni joto. Umeme unapopita ndani ya betri na nyaya hukutana na ukinzani, na sehemu yake hugeuka kuwa joto lisilo na faida. Mkondo wa umeme ukizidishwa mara 2, joto hilo huzidi mara 4. Hata tukisema kwamba safari itakwisha kwa nusu ya muda, jumla ya joto lililopotea bado ni mara 2 ya lile la safari ya upole. Aliyeharakisha ameokoa dakika chache, na amelipa kwa chaji na kwa afya ya betri.

Tupige hesabu ya nyumbani kwa mfano mwepesi. Chukulia betri inayobeba yuniti 3 za umeme. Mwendeshaji mpole anayepata kilomita 30 kwa yuniti moja atafika kilomita 90. Mwenye pupa anayepata kilomita 20 kwa yuniti ataishia 60. Wote wawili wakitembea kilomita 120 kwa siku, wa kwanza atatumia yuniti 4 na wa pili 6. Kwa siku 26 za kazi, Ijumaa ikiwa ya mapumziko, tofauti yao ni yuniti 52. Hizo ni yuniti ambazo zingewasha taa na kugandisha maji ya kuuza katika nyumba ya mama yake.

Betri na hali yake ya joto

Betri za lithiamu zina tabia inayokaribia ya mwanadamu, kwani hustarehe pale tunapostarehe sisi, baina ya nyuzi 15 na 35 za joto hivi. Zikiwa baridi sana huwa nzito kutoa na kupokea umeme. Zikiwa na joto kali hufanya kazi, lakini huzeeka upesi. Wajuzi hukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, uchakavu wa betri huenda kwa takriban mara 2.

Ndiyo sababu magari ya bei kubwa yana mitambo ya kuiandaa betri. Maji maalumu huzungushwa kando yake ili kuipoza au kuipasha moto. Mwenye gari akichagua mwendo wa nguvu, gari jingine huanza kuiandaa betri kabla hata hajakanyaga. Tesla Model S Plaid, kwa mfano, ina mpangilio wa mashindano ambao huchukua dakika kadhaa kuiweka betri na mota katika joto linalofaa. Maandalizi hayo si ya bure, kwa kuwa umeme wake hutoka katika betri ileile. Hapo mwendo wa nguvu huwa umekula chaji kabla gurudumu halijazunguka. Katika nchi za baridi wenye busara hufanya maandalizi ya safari gari likiwa bado limeunganishwa na umeme wa nyumbani, ili betri isijile yenyewe.

Yako pia magari yasiyo na mtambo huo wa maji. Nissan Leaf iliyotoka mwaka 2010 ilitegemea hewa tu, na mnamo 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali, walilalamika kwamba betri zao zimepungua nguvu mapema mno. Kampuni ilikuja kuitengeneza upya betri hiyo ili ivumilie joto zaidi. Nchi yetu si jangwa kama Arizona, lakini anayeijua Garsen ya mwezi wa Machi hahitaji kuelezwa maana ya joto.

Pikipiki nyingi ziko katika kundi hili la pili. Hazina maji ya kuipoza betri. Mwenye kuiandaa betri ya pikipiki ni mwanadamu, kwa kivuli anachokitafuta, kwa subira yake kabla ya kuchaji, na kwa upole wa mkono wake. Akipuuza, betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta ndogo ya chombo hupunguza nguvu ili kuiokoa. Na hilo huweza kutokea wakati mbaya kabisa, abiria akiwa ni mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali, au mtoto mwenye degedege.

Je, mwendo wa nguvu ni wa kuachwa kabisa?

Hapana. Una mahali pake. Katika udongo mweusi wa delta baada ya mvua, wakati wa kuupanda ukingo wa tuta na abiria nyuma, au kulipita lori kwa usalama, nguvu huhitajika. Hata hivyo, gurudumu likianza kuteleza matopeni, nguvu zaidi hulizamisha tu, na hapo mwendo wa akiba hushika ardhi vizuri zaidi. Kanuni ni kuuita mwendo wa nguvu kwa haja, kisha kuurudisha. Dini yetu haikutukataza kutumia, bali imetukataza israfu.

Liko jambo jingine ambalo sisi tunaliona zito kuliko chaji. Pikipiki nyingi hizi ama zimo katika mkopo unaolipwa kila siku, ama betri yake ni ya kampuni na mwendeshaji huibadilisha kituoni. Iliyo katika mkopo, betri ikichakaa kabla ya deni kwisha, familia itabaki ikilipia chombo kisichoweza kuwalisha. Ya kampuni ni amana, na wako watakaoipokea baada yako, wakitarajia kufika waendako. Mtu asiseme, “Betri si yangu, itanihusu nini?” Amana hulindwa zaidi kwa sababu si mali yetu.

Tunawausia mambo haya, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, siku nzima ianzwe katika mwendo wa akiba au wa kawaida, na kasi iwe ya utulivu. Pili, kijana akiiona taa ya mbele au watoto wa madrasa wakivuka, aulegeze mkono mapema, kwani pikipiki na magari mengi ya umeme hurudisha sehemu ya nguvu katika betri yanapopunguza mwendo, ilhali breki ya ghafula huipoteza nguvu hiyo. Tatu, upepo wa tairi upimwe kila wiki, maana tairi laini huongeza uzito wa safari. Nne, chombo kisiachwe juani kikiwa na chaji iliyojaa, bali kiegeshwe chini ya mwembe au baraza. Tano, betri iliyotoka safari ndefu ipumzike ipoe kabla ya kuchajiwa, na kwa matumizi ya kila siku isizoeshwe kumalizwa kabisa. Kuhusu kuijaza hadi 100, fuateni maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa aina za betri hutofautiana. Sita, chombo kilichopita katika maji ya mafuriko kikaguliwe na fundi kabla ya kuchajiwa ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Na kwa safari ya Garsen hadi Malindi, ambayo ni zaidi ya kilomita 100, msimruhusu kijana kuondoka kwa kutegemea chaji moja ya pikipiki ya kawaida. Ajue kwanza atachaji wapi njiani.

Mama aliyeweka dhamana ana haki ya kuuliza. Kila jioni amwulize mwanawe mambo mawili: umetembea kilomita ngapi, na umetumia chaji kiasi gani? Ayaandike katika daftari. Baada ya wiki mbili daftari litasema kama tatizo ni betri au ni mkono. Kama kijana amekuwa mpole na kilomita bado hazifiki, hapo ana hoja ya kumpelekea muuzaji, na ushahidi wake anao mkononi.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.