Habari za Kiwandani Kilombero: Kile Ambacho Muuza Sukari Hukipita

Wafanyabiashara wengi wa sukari wana desturi moja wanaposoma taarifa za soko. Huanza na bei ya jumla ya mfuko wa kilo 50, wakaenda kwenye bei ya rejareja, kisha wakauliza kama kuna meli bandarini. Habari za wafanyakazi wa kiwanda, yaani nani kapewa cheti cha utumishi wa miaka mingi, kikundi gani kimechangia damu, shule gani imepata madawati, huachiwa wale waliopigwa picha. Kwa anayetegemea sukari ya Kilombero, desturi hiyo ina hasara. Katika bonde hili uhusiano wa kiwanda na majirani zake ni sehemu ya malighafi.

Sababu yake ni ya hesabu tu. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iko Kidatu, kwenye mlango wa kaskazini wa bonde, mwendo wa kilomita zaidi ya 60 kutoka Ifakara mjini. Kwa miaka mingi imekuwa na vinu viwili vilivyotenganishwa na mto Ruaha Mkuu: Msolwa, kinachojulikana kama K1, upande wa Kilombero, na Ruembe, au K2, upande wa wilaya ya Kilosa. Mwaka 2021 kampuni na Serikali walitangaza upanuzi mkubwa, yaani kinu kipya cha K4, ambao ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 za sukari hadi tani 271,000 kwa mwaka. Ili kulisha mitambo hiyo, miwa ya wakulima wadogo ilitakiwa kuongezeka kutoka tani 600,000 hivi hadi tani milioni 1.7.

Tofauti hiyo ni zaidi ya tani milioni moja za miwa kila mwaka, na inatakiwa itoke katika mashamba ambayo kampuni haiyamiliki wala haiwezi kuyaamuru. Mwenye shamba la Sanje au Mang'ula anaweza kupanda miwa, na anaweza pia kurudi kwenye mpunga wake. Mchele wa Kilombero una jina lake Dar es Salaam na haukosi mnunuzi. Kiwanda kinashindana na sufuria ya wali, na ushindani huo hauamuliwi na bei peke yake.

Kumbukumbu ya bonde

Kampuni hii ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mtaji wa nje, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) likiwa miongoni mwa waliotia fedha. Baada ya Azimio la Arusha ikawa mali ya umma, na kinu cha Ruembe kikaongezwa katika miaka ya 1970. Wazee wa Kidatu wanayakumbuka mengi ya enzi hizo, mema na mabaya. Julai 1986 askari wa FFU waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakidai haki zao, na baadhi yao wakapoteza maisha. Tukio hilo liliingia katika historia ya wafanyakazi wa Tanzania, na si jambo ambalo sherehe moja ya Mei Mosi inaweza kulifuta.

Ubinafsishaji ulifika mwaka 1998. Illovo ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55, ED&F Man ya Uingereza asilimia 20, na Serikali ikabaki na asilimia 25. Baadaye Illovo ilinunua hisa za mshirika wake na kufikisha asilimia 75. Illovo yenyewe ikamilikiwa yote na Associated British Foods ya London mwaka 2016. Mwekezaji mdogo anayeuliza kama anaweza kununua hisa za Kilombero jibu lake ni fupi: kampuni haikuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ingawa soko hilo lilianza kuuza hisa mwaka huohuo wa 1998. Fedha ya Mtanzania wa kawaida imeingia Kilombero kwa milango mingine: shamba la miwa, trekta na tela la kukodisha, lori, duka la jumla, nyumba ya kupanga Ruaha mjini.

Ubinafsishaji ulipunguza watu kazini, kama ulivyofanya karibu kila mahali. Baadhi ya waliopunguzwa hawakuhama. Walikuwa wanaujua muwa, walikuwa na vipande vya ardhi, wakageuka wakulima. Kwa hiyo ukiuliza "mfanyakazi" ni nani na "jamii" ni nani katika vijiji vya Kidatu, mpaka hauonekani vizuri. Baba ni fundi wa boila, mama ana ekari mbili za miwa, kijana yuko kwenye trekta la mjomba. Zawadi ya kiwanda kwa shule ya kijiji huenda kwa watoto wa wafanyakazi na wa wauza miwa kwa pamoja.

Kipi kina thamani

Kiwanda na wakulima wana mfuko wa hisani wa jamii, Kilombero Community Charitable Trust, unaoshughulikia mambo ya shule, afya na mengine ya aina hiyo vijijini. Utaratibu wa kujenga kwa kuchangiana si mgeni hapa. Tangu enzi za kujitegemea wanakijiji hutoa tofali, mchanga na nguvu zao, na mwenye uwezo huleta mabati na saruji. Hivyo darasa linapokamilika, kila upande una haki ya kusema umelijenga.

Kinachostahili kupimwa ni aina ya msaada. Kupaka rangi ukuta Jumamosi moja ni jambo jema kwa picha, na mtu yeyote mwenye brashi anaweza kulifanya. Ufundi ni kitu kingine. Kiwanda cha sukari ni mkusanyiko wa watu ambao kijiji hakiwezi kuwaajiri: wachomeleaji, mafundi umeme, mafundi wa pampu, wapimaji wa maabara, wauguzi. Fundi wa namna hiyo akitoa siku moja kwa pampu ya maji iliyokufa, ametoa kitu ambacho kijiji kingekitafuta Morogoro mjini kwa gharama kubwa. Nafasi ya kufanya hivyo nayo hutegemea kalenda. Msimu wa kusaga ukianza, kwa kawaida katikati ya mwaka, kinu hufanya kazi usiku na mchana na hakuna fundi anayeonekana kijijini. Mvua za masika zikisimamisha uvunaji, mitambo hufunguliwa kwa matengenezo, na hapo ndipo watu wenye ufundi huweza kupata Jumamosi zao.

Barabara nazo zimo katika hesabu hiyo. Muwa ukishachomwa moto na kukatwa, sukari yake huanza kupungua, na unatakiwa kufika kinuni ndani ya siku mbili hivi. Tela likikwama kwenye tope la njia ya shamba, hasara ni ya mkulima kwanza, kisha ya kiwanda, na mwisho ya mnywa chai. Barabara kuu imekwisha pata lami: kipande cha Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu, kilizinduliwa mwaka 2024. Njia za mashambani ni hadithi nyingine. Greda la kiwanda likionekana kwenye njia ya kijiji kabla ya msimu, hiyo ni habari ya soko hata kama imeandikwa kwenye ukurasa wa huduma za jamii.

Somo la mvua lilionekana wazi msimu wa 2023/24. Mvua za El Niño zilizuia uvunaji katika mashamba ya miwa nchini, viwanda vikakosa cha kusaga, na sukari ikaadimika. Serikali ilitangaza bei kikomo ya rejareja ya kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kulingana na kanda, kuanzia tarehe 23 Januari 2024. Wako walionunua kwa bei ya juu zaidi ya hapo. Baadaye mwaka huo sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda hawakuifurahia, lakini wauza chai hawakuulizwa.

Mfano wa chandarua

Wanaodhani kwamba huduma ya jamii na biashara ni vitu viwili visivyokutana wangefaa kukumbuka bonde hilihili mwishoni mwa miaka ya 1990. Kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara, kiliendesha mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Chandarua chenye dawa, kwa jina la Zuia Mbu, hakikugawiwa bure. Kiliuzwa, na mawakala walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji, watumishi wa afya na hata mapadri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafuu ya asilimia 27 katika kunusurika. Uzoefu huo ulisaidia kuandaa Hati Punguzo, iliyoanza nchini mwaka 2004 na kumfanya mwenye duka wa kijijini kuwa sehemu ya vita dhidi ya malaria.

Kwa kiwanda, malaria ni siku za kazi zilizopotea. Mkata miwa aliyetoka Iringa au Songea, nyanda zenye baridi, hushuka bondeni akiwa hana kinga kama ya mwenyeji. Akilala kambini bila chandarua, wiki moja ya homa humla mshahara wake, na shamba lililochomwa humsubiri.

Sifa njema hailipi deni

Hata hivyo mwekezaji asidanganyike na picha za kupeana mikono. Kusini-magharibi ya Ifakara, huko Mngeta, Kilombero Plantations Limited (KPL) ilianza shamba kubwa la mpunga mwaka 2008 kwa ubia na RUBADA. Ilifundisha maelfu ya wakulima wadogo kilimo shadidi cha mpunga, mradi uliosifiwa katika mikutano mingi ya wafadhili. Pamoja na hayo kulikuwa na malalamiko ya ardhi kutoka kwa waliohamishwa, na soko nalo liliwageuka: mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru na bei ikaporomoka. Madeni yakalemea, na mwaka 2019 kampuni ikashindwa kuyalipa. Wakulima walibaki na ujuzi wa shadidi, wakopeshaji wakabaki na shamba.

Upande wa miwa, malalamiko ya kudumu ni ya mizani na maabara. Mkulima halipwi kwa uzito peke yake. Hulipwa pia kwa kiwango cha sukari kilichopimwa katika miwa yake, na kipimo hicho hufanywa kiwandani, mbali na macho yake. Vyama vya wakulima, ambavyo siku hizi viko chini ya utaratibu wa ushirika wa AMCOS, vimelipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Mkulima asiyeamini mizani hawezi kutulizwa na madawati, hata yakiwa mazuri namna gani. Kiwanda kinachotaka tani milioni moja za ziada kingepata faida kubwa zaidi kwa kumwonyesha mkulima jinsi sampuli inavyochukuliwa kuliko kwa kumjengea ofisi.

Usalama kazini nao usipitwe. Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha Mtibwa, mkoa huohuo wa Morogoro, na watu 11 wakafa. Mtibwa ndiyo iliyowapa Watanzania timu ya mpira ya kiwanda iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000, na kwa miaka mingi jina lake lilimaanisha soka. Baada ya ajali ile, wanunuzi walijifunza kuuliza kuhusu boila. Katika taarifa za wafanyakazi, mstari unaosema siku ngapi zimepita bila ajali ni mfupi kuliko mistari yote, na wengi huupita.

Wenye maduka ya jumla Ifakara na Mikumi wana njia zao za kupima. Hutazama matrekta yaliyopanga foleni mizanini, huuliza kama wakata miwa wamelipwa kwa wakati, na husikiliza maneno ya mkutano wa AMCOS kuhusu zamu za kuvuna, kwa sababu shamba lililorukwa zamu hubaki na miwa iliyosimama hadi mvua. Kinu husimama masika yanaposhika, na sukari iliyoko ghalani siku hiyo ndiyo itakayouzwa mpaka tela la kwanza la msimu mpya lipite kwenye mizani.