Viatu vya Mbao Chini ya Meza

Mpanda farasi wa kwanza kuwashtua njiani hobbit, wale watu wafupi wa hadithini, hakuwa adui. Alikuwa Gandalf. Katika rasimu za mwanzo kabisa za kitabu kilichokuja kuitwa The Lord of the Rings, J.R.R. Tolkien aliandika juu ya farasi mweupe anayetokeza kwenye kona ya njia, amembeba mtu aliyejifunika gubigubi kwa joho. Farasi anasimama. Yule mtu anafunua pua, ananusanusa hewa, kisha anatulia kama anayesikiliza. Mara anaangua kicheko. Kumbe ni mchawi, rafiki yao wa siku zote, anawatania.

Tolkien akairudia sehemu hiyo na kuibadilisha. Farasi akawa mweusi, kicheko kikafutwa, na mpandaji akabaki hana jina. Lakini joho halikuondoka, wala ile pua inayonusa. Machi 1938 alimwandikia mchapishaji wake kwamba hadithi imeshika njia ambayo hakuipanga. Wapanda Farasi Weusi, watumwa wa Pete ya uchawi iliyo kiini cha riwaya, ambao vizazi vya wasomaji vimewaogopa, walizaliwa hapo, katika utani uliokatwa kabla ya kuchekesha.

Naanza na tukio hili kwa sababu linapingana na dhana iliyoenea kuhusu wahusika wa fumbo: kwamba mwandishi analo jibu tangu mwanzo, ila anamficha msomaji. Kwa Tolkien, mara nyingi umbo lilitangulia na maana ikafuata. Alikuwa na ishara ya mwili, vazi, namna ya kukaa. Sababu yake aliitafuta baadaye, wakati mwingine kwa miaka. Na ile sababu ya kwanza ilipoondolewa, alama yake ilibaki kwenye ngozi ya mhusika. Alama hiyo ndiyo tunayoihisi kama fumbo.

Tunayajua haya kwa sababu karatasi zenyewe zipo. Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, Marekani, kilinunua miswada ya riwaya hiyo mwaka 1957 kwa pauni 1,500. Zaidi ya hapo, Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma mwandiko wa baba yake, penseli iliyofunikwa na wino, na kuipanga historia ya uandishi wa riwaya hiyo na hadithi zake nyingine katika vitabu 12 vilivyotoka kati ya 1983 na 1996. Sijui kazi nyingine ya fasihi ya kubuni inayomruhusu msomaji wa kawaida kumfuatilia mhusika kwa karibu namna hii, rasimu baada ya rasimu.

Mfano mzuri kuliko yote ni Aragorn. Waliotazama filamu za Peter Jackson wanamkumbuka: mtu mrefu aliyekaa pembeni kwenye baa ya mji wa Bree, kofia ya joho imemfunika uso, anavuta kiko na kuwatazama hobbit. Katika rasimu ya kwanza kiti ni kilekile na kivuli ni kilekile, ila aliyekaa hapo ni hobbit. Anaitwa Trotter. Ana uso wa rangi ya kahawia, amevaa kofia ya joho ingawa chumba kina joto, kiko chake kimevunjika, na mbele yake kuna kikombe kikubwa hata kwa binadamu. Chini ya meza miguu yake inaonekana, na imevaa viatu vya mbao.

Hobbit huenda pekupeku. Nyayo zao ni ngumu na miguu yao ina manyoya. Hobbit mwenye viatu ni ajabu inayodai maelezo, na Tolkien hakuwa nayo. Alijiuliza kwenye maandishi yake ya kazi: huyu ni nani? Alifikiria kwamba labda ni Bilbo mwenyewe, hobbit wa kitabu chake cha awali. Akafikiria kwamba ni Peregrin Boffin, ndugu aliyepotea zamani. Kisha akapata wazo zito kuliko hayo: Trotter aliwahi kukamatwa na kuteswa Mordor, nchi ya adui, na miguu yake ikaharibiwa, ndiyo maana anaificha.

Baadaye hobbit akawa binadamu, na binadamu akawa mrithi wa kiti cha enzi cha Gondor. Viatu vya mbao vikawa mabuti marefu ya ngozi. Hata hivyo jina Trotter lilimng'ang'ania kwa miaka, huku mwenye jina ameshakuwa mtu mrefu wa ukoo wa wafalme. Strider, jina analoitwa Bree katika riwaya iliyochapwa, lilikuja mwishoni kabisa. Soma tena sura ile ya Bree ukiwa na picha ya miguu ile akilini. Mtu huyu anazijua hila za adui kuliko inavyompasa mpita njia, na sura yake inabadilika Wapanda Farasi Weusi wanapotajwa, kama aliyeguswa kidonda. Kwa maoni yangu ufalme wake haulielezi hilo hata kidogo. Lilikuwepo kabla ya ufalme. Ni maumivu ya Trotter.

Sauron, adui mkuu wa riwaya, alifika kwa njia ndefu zaidi. Katika hadithi ya Beren na Tinúviel, ambayo Tolkien alianza kuiandika mwaka 1917, anayemshika Beren mateka ni Tevildo, Mkuu wa Paka, jitu la paka lenye mkufu wa dhahabu, ambaye anamtumikisha kijana huyo jikoni. Hadithi ilipogeuzwa kuwa utenzi miaka ya 1920, nafasi hiyo ilichukuliwa na Thû, bwana wa mbwamwitu, na Thû ndiye aliyekuja kuitwa Sauron. Kila hatua ilimpunguzia kitu: kwanza jiko na mkufu, mwishowe mwili. Katika riwaya iliyokamilika hatumwoni akisimama wala akitembea. Anabaki jicho. Frodo, hobbit anayeibeba Pete, analiona jicho hilo katika kioo cha uchawi cha Galadriel, na Tolkien analieleza kuwa la manjano kama la paka, lenye mboni nyeusi ya mfano wa ufa.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Hakuna karatasi inayothibitisha kwamba Tolkien alimkumbuka Tevildo alipoandika jicho lile. Rasimu nyingi hazitabiri chochote. Zilikufa na zikaishia hapo. Sisi tunaojua mwisho ndio tunaoona dalili mwanzoni.

Tom Bombadil, mhusika mwingine wa riwaya hiyo, ni kinyume cha wote hawa, kwa kuwa yeye hakubadilika. Alianza kama mwanasesere wa watoto wa Tolkien, akaingia katika shairi lililochapwa na The Oxford Magazine mwaka 1934, akiwa tayari na koti la buluu na mabuti ya manjano. Katika shairi hakuna anayeuliza yeye ni nani. Katika riwaya Frodo anauliza, tena zaidi ya mara moja, na majibu hayamtoshi mtu. Mwaka 1954 Tolkien aliandika katika barua kwamba amemwacha Tom kuwa fumbo kwa makusudi. Kwenye baraza la Elrond, linaloamua hatima ya Pete, mtu anashauri apewe Pete aitunze, na Gandalf anakataa, kwa kuwa Tom angeisahau au angeitupa. Na kweli angeitupa. Alitoka katika shairi ambalo halikuwa na Pete yoyote.