Tairi la mbio kwenye barabara ya Magara: namba ndogo zinazobeba roho za watu

MAGARA, Burundi – Barabara ya Taifa Namba 3 ikitoka Bujumbura hufuata ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ikapita Kabezi na Gitaza kabla ya kufika Magara, kisha ikaendelea hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima. Hupita hapa teksi zilizojaa abiria, malori yenye mafuta ya mawese na baiskeli zilizopakia ndagala. Siku za mwisho wa juma huja pia gari la aina nyingine: la mwendo kasi, lililoagizwa Japani likiwa limetumika, rimu zinang'aa, na matairi mapana na membamba ubavuni mithili ya yale ya mashindano.

Mwenye gari hilo mara nyingi amelitumia fedha nyingi. Swali ambalo wengi hawalipi uzito ni moja: je, matairi yale ni ya saizi inayolifaa gari lile, na barabara hii?

Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, ambalo wengi hapa huliita pine. Chukua maandishi ya 205/55 R16 91V, saizi iliyoenea kwenye magari madogo yenye nguvu. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 55 ya upana huo, sawa na milimita 113 hivi. R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni kiwango cha mzigo: tairi moja linabeba kilo 615. V ni mwendo wa juu kabisa linaoweza kuustahimili, kilomita 240 kwa saa.

Ukijumlisha rimu na mbavu zote mbili, tairi hilo lina kimo cha milimita 632. Kimo hicho ndicho cha kulinda pale mtu anapobadili rimu. Anayetaka rimu ya inchi 17 anaweza kufunga 215/45 R17, yenye kimo cha milimita 625. Tofauti ni asilimia moja tu. Lakini akishawishiwa kununua 225/55 R17 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, kimo kinapanda hadi milimita 679, zaidi ya asilimia saba. Hapo kipima mwendo kinaanza kudanganya: kikisoma 80, gari linakwenda 86. Tairi laweza pia kukwaruza fenda kila usukani unapokatwa, na breki hulazimika kuzuia gurudumu kubwa kuliko lile zilizotengenezewa.

Hata saizi yenye kimo sahihi ina gharama yake. Ubavu wa 215/45 R17 ni mwembamba kwa milimita 16 kuliko ule wa awali. Kwenye lami laini, ubavu mfupi hulifanya gari litii usukani upesi. Kwenye shimo, ubavu huohuo hauna nafasi ya kunyonya pigo. Rimu hugonga ukingo wa shimo, hupinda au hupasuka, na nyuzi za ubavuni hukatika. Dalili yake ni uvimbe kama yai pembeni mwa tairi. Uvimbe huo hauzibwi kwa kiraka. Tairi la namna hiyo hutupwa.

Kuna pia suala la mzigo. Tairi nyingi za 215/45 R17 zina kiwango cha 87, yaani kilo 545. Kwa matairi manne, gari limepoteza uwezo wa kubeba kilo 280. Kijana anayekwenda ufukweni peke yake hatalitambua hilo. Atalitambua siku atakapopakia ndugu wanne na magunia mawili akirudi Bujumbura. Zipo zilizoimarishwa, zenye alama ya XL, zinazofika 91. Ndizo za kuulizia.

Wanaoiga mashindano wangefanya vyema kutazama mashindano yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hivyo ikawa mali ya eneo zima la Afrika Mashariki. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha na Sébastien Ogier akishinda kwa Toyota Yaris, magari ya daraja la juu hayakufungwa matairi membamba ubavuni. Kwenye vumbi na mawe yalitumia saizi ya 205/65 kwa rimu ya inchi 15: rimu ndogo, ubavu wa milimita 133. Magari hayohayo yakikimbia kwenye lami za Ulaya hufungwa 235/40 kwa rimu ya inchi 18. Dereva bingwa habadilishi tairi ili apendeze. Hubadilisha kwa kuwa ardhi imebadilika. Na pamoja na hayo yote, bado hubeba tairi la akiba, kwa sababu mawe ya Naivasha hayamheshimu bingwa.

Ardhi ya Magara nayo ina masharti yake. Kwa miaka mingi kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kimejulikana kwa mashimo. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukijenga upya, katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania, ili bandari ya Dar es Salaam na mwambao wa Burundi viwe karibu zaidi. Lakini lami mpya haizuii mvua. Maji ya milimani huvuka barabara yakikimbilia ziwani, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kufurika maeneo ya mwambao. Tairi pana lenye kashata iliyoisha hupanda juu ya maji badala ya kuyakata, na usukani huwa kama wa mtumbwi. Lile la mbio lisilo na kashata kabisa halifai hapa hata siku moja ya masika.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye mambo matatu. Kwanza, asome kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kinataja saizi na upepo unaotakiwa. Pili, atafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililotumika laweza kung'aa kwa kupakwa rangi nyeusi na bado likawa limezeeka. Watengenezaji wengi hushauri lisipite miaka kumi. Tatu, alinganishe kiwango cha mzigo na kile cha tairi la awali, wala asikubali kushuka chini yake.

Fundi atafunga chochote atakacholetewa. Abiria hawaulizwi. Anayeweza kusoma zile namba kabla gari halijafika kwenye kona za Magara ni mwenye gari peke yake.