Fumbo Jepesi Lililozua Zogo Barazani

Wahenga walinena: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Je, likiwa jepesi hata mjinga akaligangua, bado ni fumbo? Swali hilo lilitia moto baraza yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, na chanzo cha moto ni mimi.

Barazani petu wamo wazee wawili watatu wapendao kujaza vyumba vya maneno katika magazeti ya Kiingereza, hasa lile fumbo la hila. Kila ishara yake ina nyuso mbili: uso mmoja ni maana ya jawabu, uso wa pili ni hila ya kulipata, kama kulikata neno kichwa au kulificha ndani ya maneno mengine. Sisi wengine hubaki kutazama na kunywa kahawa.

Basi nikatunga langu la Kiswahili, jepesi, majawabu yote yahusu kula kwa mwezi mtukufu. Msomaji, jipime kwa haya manne:

"Futuru nayo, lakini usiombe ikupate miguuni" (herufi 5).
"Mji ukibadilishwa kichwa, hunywewa bakulini" (3).
"Tumbo la tajiri likikatwa mwanzo, huliwa kwa sukari" (5).
"Si baada, kula huku ni kabla ya alfajiri" (4).

Mwalimu mmoja mstaafu alimaliza yote kahawa yake ikali moto. Akasonya. "Bwana, hili si fumbo, ni tangazo. Ukishaniambia ni la Ramadhani, nusu ya kazi umenifanyia." Muuza kahawa naye alipata mawili, akacheka mpaka akaweka dele chini. "Miaka yote nawaona mkikuna vichwa," akasema, "leo ndipo nimejua mnakuna nini." Fundi cherahani alikwama kwenye la tatu. Alipoonyeshwa kuwa kitambi kikiondolewa "ki" hubaki tambi, alijishika tumbo lake mwenyewe na baraza nzima ikaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alishikilia kuwa fumbo lisilotesa halina ladha.

Maneno hayo ya kutesa yana historia. Vyumba vya maneno vilianza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, vikitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Hila ziliongezwa Uingereza. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la Observer kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania aliyesifika kwa mateso. Alipokufa mwaka 1939 alifuatwa na Derrick Macnutt, ambaye alijiita Ximenes. Na Ximenes ni nani? Ni kadinali aliyewalazimisha Waislamu wa Granada kubatizwa, kuanzia mwaka 1499, na kuvitia moto vitabu vyao vya Kiarabu. Kwao ulikuwa mzaha tu. Sisi mzaha huo hautupiti kooni.

Hata hivyo, tumpe Macnutt haki yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alisisitiza kuwa mtungaji ana ruhusa ya kumpotosha msomaji, lakini si ya kumdhulumu. Na magazeti ya London yenyewe yamelegeza kamba: The Times lina fumbo jepesi la hila tangu 2014, na The Guardian tangu 2024, ili wanaoanza nao wapate mlango wa kuingilia.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mamangu yu macho. Mama alisoma chuoni, kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu hakufunzwa, na sisi wanawe, Mungu atusamehe, tulizoea kumhesabu kuwa hakusoma. Nikamsomea ishara zangu kwa kupitisha wakati tu.

"Tende," akasema papo hapo, "na ile ya miguuni ni maradhi." Uji na tambi vikafuata. Kwa la nne alinizuia. "Soma tena, usikate." Nikasoma. "Tena." Akatabasamu. "Baada, kula. Daku imejificha humo, mwanangu. Wewe waitazama, mimi naisikia."

Kisha akaniuliza, "Mbona siku zote wawapelekea wa barazani tu?" Sikuwa na jawabu.

Nilipokuwa naondoka usiku wa pili alinipa ishara yake mwenyewe nimpelekee mwalimu: "Mchana naifunga, usiku naitwanga", herufi 5. Nilimweleza mwalimu wazi kuwa na hili pia ni la Ramadhani, na kuwa ni jepesi. Akalichukua kwa dharau. Akaandika, akafuta. Akahesabu vidole. Muuza kahawa akamjazia kikombe, kikapoa. Akamjazia cha pili.

Mwishowe akaivua kofia, akafanya kama tulivyofanya utotoni tukishindwa kitendawili. "Haya," akasema, "nampa mji. Mwambie mamako achukue Lamu."

Jawabu sitalitaja hapa. Kama limekushinda, msomaji, usimwulize mwalimu. Muulize aliye jikoni.